Jina la diski: kupachika vipande vya diski Linux inapowaka

Mwanafunzi anayekusanya masimulizi kwa ajili ya kazi yake ya mwisho wa masomo hujikuta upesi na sauti nyingi kuliko nafasi. Saa moja ya WAV, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, biti 16 na njia mbili, inakula karibu megabaiti 700. Ndiyo maana wengi wanaotumia Linux hutenga kipande kizima cha diski, au diski ya pili, kwa ajili ya rekodi peke yake. Mfumo ukiharibika na kuwekwa upya, sauti zinabaki salama.

Shida huanza asubuhi. Kompyuta imewaka, ELAN imefunguliwa, na unukuzi hauioni sauti yake. Sauti ipo, kipande cha diski ndicho hakijapachikwa. Faili la ELAN halibebi sauti ndani, linabeba anwani yake tu. Ubuntu, kwa mfano, hukipachika kipande cha namna hiyo pale unapokibofya kwenye dirisha la mafaili, tena ndani ya folda ya /media yenye jina la mtumiaji aliyebofya. Akiingia mwenzako kwa jina lake, anwani imekwisha kubadilika.

Nasema «kupachika» kwa makusudi. Kifaransa kinasema monter, na wapo wanaofuata kwa kusema «kupandisha», lakini hapa hakuna kinachopanda. Katika Linux folda zote ni mti mmoja wenye mzizi mmoja, unaoandikwa /, na diski huingizwa kwenye folda ya mti huo kama mshale unavyopachikwa kwenye uzi wa upinde.

Maagizo ya kupachika wakati wa kuwaka yanakaa katika faili la maandishi liitwalo /etc/fstab. Kila mstari wake unahusu kipande kimoja na una nafasi sita. Nafasi ya kwanza inatuhusu sisi watu wa isimu kuliko zote, kwa sababu ni swali la jina.

Ukiandika amri lsblk utaona majina kama sda1 na sdb1. Yanafanana na majina ya pacha kwa Waluba wa Kasai: Mbuyi ndiye aliyetangulia kuzaliwa, Kabanga akafuata. Tofauti ni kwamba Mbuyi akishaitwa Mbuyi hageuki Kabanga eti leo ameamka nyuma ya ndugu yake. Linux hugawa herufi hizo upya kila inapowaka, kwa kufuata diski iliyoonekana kwanza. Ukichomeka diski nyingine ya USB, sdb ya jana inaweza kuwa sdc leo. Kwa hiyo sdb1 ni kielekezi, kama «huyu» na «yule»: maana yake inategemea hali ya wakati wa kusema. Katika fstab tunahitaji jina la pekee, na jina hilo ni UUID, namba inayoandikwa ndani ya kipande siku kinapofomatiwa. Amri hii inaionyesha:

sudo blkid

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya fstab, kisha tengeneza folda ya kupachikia:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.nakala
sudo mkdir /mnt/sauti

Halafu fungua faili kwa sudo nano /etc/fstab, uongeze mstari wa namna hii, wenye UUID yako:

UUID=7c2e41d0-58ab-4f93-9b1e-0d6a35c8e2f4 /mnt/sauti ext4 defaults,nofail 0 2

Baada ya jina inakuja folda, aina ya mfumo wa mafaili, kisha masharti. Sifuri ni ya programu ya zamani ya kuhifadhi nakala, tuiache. Namba 2 inaruhusu kipande kikaguliwe baada ya kile cha mzizi. Jina la folda lisiwe na nafasi tupu katikati, maana hapa nafasi tupu ndiyo inayotenganisha maneno.

Neno nofail si pambo. Bila hilo, diski isipoonekana, mifumo mingi ya leo husubiri sekunde 90 kisha hukuacha kwenye skrini nyeusi ya dharura. Mwenye diski ya nje iliyobaki nyumbani asilisahau.

Usizime kompyuta kabla ya kujaribu:

sudo findmnt --verify
sudo systemctl daemon-reload
sudo mount -a

Amri ya kwanza inasoma fstab na kutaja makosa yake. Ya mwisho inapachika yote yaliyoandikwa. Kosa likionekana sasa, unalisahihisha ukiwa bado na dirisha lako mbele ya macho.

Lakini nofail ina hatari yake, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Diski isipopachikwa, /mnt/sauti bado ipo: folda tupu kwenye diski ya mfumo. Ukiwa na ruhusa ya kuandika humo, utahifadhi mahojiano ya siku nzima bila onyo lolote. Kesho diski itapachikwa juu yake na mahojiano yatafichika. Hayajafutika, ila mtu asiyejua atayatafuta hadi akate tamaa, au atafomati mfumo na kuyapoteza kweli. Kinga ni kuifunga folda tupu, kipande kikiwa hakijapachikwa:

sudo umount /mnt/sauti
sudo chattr +i /mnt/sauti
sudo mount /mnt/sauti

Tangu hapo, kama diski haipo, jaribio la kuandika humo linakataliwa palepale. Diski ikipachikwa, kazi inaendelea kama kawaida. Kama ext4 hiyo ni mpya, mwenyewe bado ni root. Andika sudo chown $USER /mnt/sauti baada ya kupachika.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja waandike ntfs-3g mahali pa ext4, waongeze uid=1000 kwenye masharti, na namba ya mwisho iwe 0. Wazime pia kuwaka kwa haraka kwa Windows, kwani huacha kipande nusu usingizini na Linux hukipachika kwa kusoma tu.

Na ukinakili kipande kizima kwa amri dd, nakala inarithi UUID ya asili. Hapo una Mbuyi wawili. Kabla ya kuziunganisha diski zote mbili pamoja, chomeka nakala peke yake, ikague kwa sudo e2fsck -f, kisha uipe jina jipya kwa sudo tune2fs -U random, ukitaja mwishoni mwa kila amri kipande ambacho lsblk imekuonyesha.