Nani Analipa Bei ya Kitabu? Mbinu za kuandika riwaya ya watunza maktaba wa ajabu

Ukitaka kuandika riwaya ya njozi kuhusu watunza maktaba wenye nguvu za ajabu, viache vitabu vyenyewe kwa muda. Chukua karatasi, andika majina ya wahusika wako wanne au watano, chora mstari kati ya kila wawili, na juu ya mstari huo andika nani anamdai nani, na anamdai nini. Si lazima iwe fedha. Mtu anaweza kudaiwa ukweli, msamaha, usiku aliokeshewa hospitalini, au habari za kifo cha baba yake. Mstari usio na deni maana yake wahusika hao wawili bado hawajakutana kikweli, hata kama umewaweka sura kumi ndani ya nyumba moja.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu waandishi wengi wachanga wa njozi huanzia upande wa pili. Kitabu kinafunguka, nuru inatoka, kijana anapewa uwezo, halafu ndipo mwandishi anatafuta mtu wa kumpenda na mtu wa kumchukia. Maadili yanaletwa mwishoni kama mahubiri. Msomaji anafumba kitabu bila kubeba chochote.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho, nao nimeuweka Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura. Ni mtaa wa mwinuko. Ukisimama juu unaona Ziwa Tanganyika na, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo ng'ambo. Ikulu iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa 2019 iko huko, na jirani zake ni watu wa kawaida wenye nyumba za tofali na bati. Mwandishi anayetafuta wenye nguvu na wasio na nguvu wakiishi kilima kimoja hana haja ya kubuni ufalme wa mbali.

Sasa wahusika. Yuko mzee anayetunza maktaba ya siri. Wako pacha wawili wa miaka kumi na sita, Bukuru na Butoyi, majina ambayo Burundi hupewa pacha wa kwanza na wa pili. Yuko mama yao, anayeuza ndagala kwenye soko la Cotebu. Baba alikufa usiku wa mafuriko ya 9 Februari 2014, yale yaliyoangamiza mitaa ya kaskazini ya jiji na kuua watu zaidi ya 60. Familia inaamini alikuwa akirudi kazini. Kweli ni kwamba mzee alimwita amsaidie kuhamisha vitabu. Hapo tayari mstari kati ya mzee na pacha una uzito, na bado hatujagusa ajabu hata moja.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote: bei. Nguvu yoyote ya ajabu unayoiweka kwenye riwaya iwe na gharama, na gharama hiyo imwangukie mtu ambaye mtumiaji wa nguvu anampenda. Akilipa mwenyewe, una shujaa wa kujitolea, na msomaji atampigia makofi bila kuhangaika. Analipa mwingine? Hapo msomaji analazimika kuamua yuko upande wa nani.

Burundi yenyewe ina mfano mkubwa. Enzi za wafalme, ngoma takatifu Karyenda ilikuwa moyo wa ufalme. Abanyamabanga, watu waliokabidhiwa siri za utawala, walishika miiko na kumbukumbu ambazo hazikuandikwa popote. Tukitafuta watunza maktaba wa kale wa nchi hii, ni wao. Lakini kando ya ngoma hiyo alikuwako pia Mukakaryenda, msichana aliyewekwa wakfu kwa ngoma na kuhesabiwa kuwa mke wake. Fikiria hilo kama mwandishi. Nchi inapata baraka, mfalme anapata uhalali, wazee wanapata heshima, na msichana mmoja anatoa maisha yote ambayo angeyaishi. Je, mama yake alilia au alijivunia? Ndugu zake walimtembelea? Riwaya nzima inaweza kutoka katika maswali hayo mawili, na nashangaa kwamba hatujaona nyingi zaidi.

Waandishi wa nje wameligusa jambo hili kwa njia yao. Katika *Sorcery of Thorns* ya Margaret Rogerson (2019), ambamo vitabu vya uganga hulindwa ndani ya maktaba kuu, jini mtumishi aitwaye Silas analipwa kwa miaka ya uhai wa bwana wake, na bado kati yao kuna mapenzi ya kweli. Genevieve Cogman katika *The Invisible Library* (2014) anampa Irene kazi ya kuiba vitabu kutoka dunia nyingine kwa ajili ya maktaba yake. Yeye ni mwizi mwenye nidhamu na dhamiri, na kila anapofanya kazi yake vizuri, kuna mahali fulani ambapo rafu imebaki tupu. Soma vitabu hivyo ukitafuta kitu kimoja tu: nani hakuulizwa alipokuwa akitozwa.

Kwenye mfano wetu niliweka bei hii. Maktaba ya Gasenyi ina kitabu kinachoweza kurudisha sauti ya marehemu kwa usiku mmoja. Anayekiazima hapotezi kitu. Anayempenda mwazimaji kuliko wote ndiye anayesahau jambo moja kumhusu. Bukuru anakiazima ili amsikie baba. Anamsikia, anacheka, analia, anarudi nyumbani alfajiri. Soma kipande hiki polepole, kwa sababu ndicho kinachobeba sura yote:

*Mama alikuwa akimimina uji. Alimtazama Bukuru, akamtazama Butoyi, akabaki ameshika upawa. "Hivi," alisema, "ni nani kati yenu aliyetoka kwanza?" Butoyi alidhani anatania. Bukuru hakucheka.*

Angalia kilichofanyika. Hakuna nuru, hakuna radi. Mama amepoteza jambo ambalo majina ya watoto wake yanalitamka kila siku, na mtoto mmoja tu mezani anajua sababu. Mahusiano matatu yamebadilika kwa swali moja: mama na wanawe, pacha kwa pacha, na Bukuru na mzee ambaye alijua bei akanyamaza. Ukipata bei inayogusa jambo dogo la nyumbani namna hii, shikamana nayo. Bei kubwa mno, kama dunia kuangamia, hazimuumizi msomaji kwa sababu hana kumbukumbu ya dunia kuangamia. Kusahauliwa na mama anakuelewa.

Upande wa majina, tuna mwalimu wetu. Shaaban Robert katika *Adili na Nduguze* (1952) aliwaita ndugu watatu Adili, Hasidi na Mwivu. Hukumu imeshatolewa kabla ya tendo la kwanza. Mtindo huo ulikuwa na kazi yake katika hadithi ya mafunzo, nami siubezi hata kidogo, maana ndani ya kitabu hicho hicho kuna tukio linaloushinda mtindo wake: Adili anawalisha na kuwatunza manyani wawili, na kila usiku analazimika kuwachapa kwa amri ya jini. Manyani hao ni ndugu zake waliomtendea ubaya. Fimbo iko mkononi mwa anayependa. Jina Adili halikusaidii kuamua kama anachofanya ni haki. Chukua tukio, acha majina. Wahusika wako waitwe majina ambayo wazazi wangewapa, kisha matendo yagombane na majina hayo. Ndiyo maana Bukuru, aliyetangulia kuzaliwa na anayetarajiwa kuwa mwenye busara, kwangu ndiye anayekosa kwanza.

Kuna kishawishi kimoja ambacho lazima ukiogope: kuamini kwamba maktaba inawafanya watu kuwa wema. Sisi tunaopenda vitabu tunapenda pia kusadiki hivyo. Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, alilikataa jambo hili kwa ujasiri mkubwa katika *Petit Pays* (2016), riwaya iliyopata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa Ufaransa. Gabriel, mtoto wa mtaa wa Kinanira, anaazimwa vitabu na jirani Mgiriki, Bi Economopoulos, wakati vita vinaukaribia mtaa wao. Vitabu vinampa pumzi. Hata hivyo haviwi ngao. Siku inafika ambapo vijana wenzake wanamlazimisha kushiriki mauaji, na kusoma kwake kote hakumwokoi. Baadaye, akiwa mtu mzima, anarudi Bujumbura kwa ajili ya masanduku ya vitabu ambayo yule mama amemwachia. Bi Economopoulos hana nguvu yoyote ya kiajabu, lakini kwangu ndiye mtunza maktaba bora kuliko wote niliowataja, kwa sababu mwandishi hakumtwisha kazi ya kumtakasa mtoto. Alimpa kazi ya kuazima na kuuliza: umekionaje? Mfanye mzee wako naye aulize hivyo. Mazungumzo ya wawili juu ya kitabu kimoja ni njia nzuri ya kuonyesha mapenzi bila kuyataja.

Kuhusu adui nitasema machache. Asiwe mchoma vitabu. Huyo kila msomaji atamkataa mara moja, na uamuzi rahisi haujengi riwaya. Mpe sababu ya kimaktaba. Mwaka 2012 Abdel Kader Haidara na wenzake walihamisha hati za kale za Timbuktu katika masanduku ya chuma, kwa magari na kwa mitumbwi ya mto Niger, hadi Bamako, yote kwa siri, wakati wapiganaji wameshika mji. Sifa kwao. Sasa jiulize: kama mhusika wako anafanya siri hiyo hiyo, lakini wenye vitabu wapo hai na hawakuulizwa, bado ni mwokozi? Au chukua maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi ikawahudumia Wazungu peke yao. Waliosimama mlangoni huenda walijiona watu wa utaratibu. Adui mwenye funguo, rejista safi na sauti ya upole anatisha kuliko mwenye kiberiti. Burundi ya sasa nayo ina swali lake la mlangoni: amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma, ngoma ile ile ambayo UNESCO iliiandika 2014 katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Butoyi, ukimfanya msichana, ataingiaje katika maktaba ambayo utunzaji wake umerithishwa kwa wanaume tu? Mimi ningemfanya msichana bila kusita.

Siri ya mzee lazima ifumuke, na hapa waandishi wengi hukimbilia pambano: radi, vitabu vikiruka, mmoja anaanguka. Gasenyi inakupa kitu bora. Burundi ina desturi ya bashingantahe, watu wa haki wa kilimani, ambao huwasikiliza wenye ugomvi mbele ya watu, kisha hujitenga kushauriana, kisha hurudi na neno moja. Fimbo yao, intahe, hupigwa chini. Andika sura ya mashtaka kwa utaratibu huo. Mama anasimama kumshtaki mzee kwa kifo cha mumewe. Bukuru anatakiwa kueleza alichoazima, na akieleza, mama atajua kwa nini kumbukumbu zake zina matobo. Wakati wazee wamejitenga, wahusika wako wamebaki peke yao uwanjani, hawana la kufanya ila kutazamana. Kaa hapo. Kurasa tatu au nne si nyingi. Na kwa kuwa mke wa mushingantahe hutawazwa pamoja na mumewe, mpe mmoja wa wanawake hao sauti. Huenda yeye ndiye anayejua zaidi kuhusu usiku wa mafuriko.

Katika sura hiyo, namna ya kuitana ifanye kazi. Bukuru amemwita "Mzee" tangu ukurasa wa kwanza. Siku ya mashtaka amwite kwa jina lake, mara moja tu, mbele ya watu. Usieleze kwamba heshima imevunjika. Mama ndiye atakayemkaripia mwanawe kwa kukosa adabu, yeye aliyeletewa msiba na mzee huyo huyo, na msomaji atajua mama ni mtu wa namna gani.

Rasimu ikiisha, fanya jaribio hili kabla ya kumpa mtu asome. Chagua sura tatu na uondoe kila kitu cha ajabu. Kama kilichobaki hakina mvutano, rudi kwenye karatasi yenye mistari, utakuta deni uliloandika ni jepesi au limelipwa mapema mno. Kisha pitia sura ya mwisho uhesabu madeni ambayo umeyafunga. Acha moja wazi kwa makusudi. Mimi ningeacha la mama: mzee anakiri, kitabu kinafungiwa, pacha wanapatana, na bado mama hajui nani alitoka kwanza, kwa hiyo watoto wanapaswa kuamua watamwambia nini, na kama watamwambia kweli.