Kuhamisha picha kwenye kitambaa: somo la mikono na la msamiati

Katika mazungumzo juu ya sanaa ya vitambaa, vitenzi vitatu huchanganywa kana kwamba ni kimoja: kuchapa, kunakili na kuhamisha. Hapa tunashika cha tatu tu, kwa sababu maana yake ikieleweka vizuri, nusu ya kazi imekwisha kueleweka. Anayenakili huacha asili mahali pake. Anayehama huacha nyumba tupu. Ndivyo ilivyo kwa picha: wino unatoka kwenye karatasi, unashikwa na kitambaa, na karatasi inaishia kuwa makapi. Kwa hiyo sharti la kwanza limo ndani ya kitenzi chenyewe: picha asili isiguswe. Familia nyingi zina picha moja tu ya babu au ya nyanya aliyefariki. Hiyo itolewe fotokopi, irudi kwenye albamu siku ileile, na fotokopi ndiyo ihamishwe.

Lakini si kila fotokopi inafaa. Mashini ya fotokopi na printa ya lezeri hutumia unga mkavu wenye plastiki ndani yake, ambao joto huuyeyusha na kuugandisha juu ya karatasi. Unga huo hauogopi maji. Printa ya wino wa majimaji hutoa picha nzuri kwa macho, lakini ikilowa tu, wino huenea na uso wa mtu unageuka doa. Na maji katika kazi hii hayakwepeki, kama tutakavyoona.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kifue ili wanga wa kiwandani utoke, kipige pasi. Paka gundi ya akriliki, ile wanayotumia wachoraji, juu ya upande wa picha: isiwe nyepesi kama maji wala nzito kama ugali. Laza karatasi kifudifudi juu ya kitambaa, kandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, kisha iache mpaka kesho. Wenye haraka huharibu hapa. Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sifongo na uusugue polepole kwa kidole; karatasi itatoka kwa vinyuzi vyeupe, na picha itabaki chini, imenaswa na gundi. Ikikauka itaonekana kama ina ukungu. Si kosa, ni mabaki ya karatasi: lowesha tena, sugua tena, mara mbili au tatu.

Sasa jambo linalowahusu zaidi watu wa lugha. Gusanisha viganja vyako viwili: kidole gumba kinakutana na kidole gumba, lakini mkono mmoja ni wa kulia na mwingine wa kushoto. Karatasi iliyolazwa kifudifudi inafanya hivyohivyo. Aliyeshika kalamu kwa mkono wa kulia atakuwa wa kushoto, na wengi hawatatambua. Herufi ndizo zinazotoa ushahidi. BABA ikigeuka, kila mtu anaona. Lakini herufi kama A, H, I, M, O, T, U na V zina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo hazionyeshi kosa, na neno linaweza kubadilika kimyakimya. AMA hubaki AMA. MAMA inakuwa AMAM. UA linageuka AU, na OA inageuka AO, yaani «au» katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi: mwaliko wa harusi umekuwa kiunganishi! Mwombe mwenye mashini akugeuzie picha kama kwenye kioo kabla ya kutoa fotokopi, na ujaribu kwa neno lenye B, P au N.

Wapo walioacha mgeuko huo uonekane kwa makusudi. Robert Rauschenberg, msanii wa Marekani (1925–2008), alianza mwaka 1974 mfululizo wa kazi uitwao Hoarfrost. Wazo lilimjia kwenye karakana ya uchapaji, alipoona vitambaa vyepesi vya kufutia mawe ya kuchapia vimetundikwa vikauke, vikipepea. Alitumia dawa ya kuyeyusha wino kuhamisha kurasa za magazeti juu ya hariri, pamba na shashi, na katika nyingi maandishi yanasomeka kinyumenyume. Kwake gazeti lilikuwa rangi na kivuli. Habari yenyewe haikuhitaji kusomwa. (Dawa hizo hushika moto na mvuke wake hudhuru kifua. Kwa anayeanza, gundi inatosha.)

Kwa kazi zetu nadhani njia hiyo haifai. Kanga ya pwani ina pindo, mji na jina, na jina ni maneno ya kusomwa. Mvaaji huichagua kwa sababu ya maneno hayo pia. Anayetaka kuweka sura ya mama na methali yake juu ya kitambaa kimoja anafanya kazi ya ukoo huo, na herufi zilizopinduka zingemnyima mama usemi.

Limebaki suala la kikwembe. Mashini ya fotokopi haina wino mweupe: palipo peupe kwenye picha ni pale ambapo hapakuwekwa kitu, na rangi ya kitambaa itapita. Ukihamisha uso moja kwa moja juu ya kikwembe chenye maua, maua yataota mashavuni. Hamishia kwanza kwenye pamba nyeupe, kata kipande, kisha kishone juu ya kikwembe kama kiraka. Pasi ipite kwa upande wa nyuma tu, kwa maana gundi huyeyuka. Na sindano izunguke pembeni mwa uso: tundu lililotobolewa kwenye gundi iliyokauka halizibiki, hata ukiufumua uzi.