Skwea ipi inafaa karakana ya mageti?

SWALI: Nachomelea mageti na madirisha hapa Mukuju, kando ya barabara ya Tororo–Mbale. Nataka skwea ya rula inayoteleza. Nichukue ya bei nafuu au nijinyime ninunue ya Starrett?

JIBU: Ndugu fundi, Starrett ni bora kweli; Laroy Starrett wa Athol, Marekani, ndiye aliyebuni chombo hiki miaka ya 1870. Lakini usahihi wa kiwango hicho anauhitaji zaidi anayekereza vipuri. Kwa mageti, tafuta ya kawaida yenye kichwa cha chuma cha kusubu, na rula ambayo alama zake zimechongwa, si kupakwa rangi. Kichwa cha aluminiamu kikidondoka kwenye saruji huharibika upesi.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Omba kipande cha bati chenye ukingo ulionyooka. Bana kichwa ukingoni, uchore mstari. Kisha igeuze upande wa pili, uchore tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, ni nzima. Ikiachana milimita 1 mwishoni, kosa lake ni nusu milimita. Dogo? Nusu milimita kwenye sentimita 30 huwa milimita 3 kwenye geti la mita 1.8, na hapo komeo linaanza kugoma.

Kaza nati, utikise rula, ikicheza, iache. Fremu kubwa ihakiki pia kwa kupima kona hadi kona. Mwenye duka akikukatalia kuijaribu, nenda duka jingine.