Mfa Maji Hapigi Kelele

Nilipokuwa kijana tulikwenda watatu kuoga ziwani. Mara mwenzetu mmoja akanyamaza. Kichwa chake kililala nyuma, kinywa kikazama na kuibuka, macho yakatukodolea. Sisi tukacheka, tukidhani anafanya mzaha. Lakini mzee mvuvi aliyekuwa akishona nyavu zake hakucheka. Alisukuma mtumbwi, akamnyoshea kafi, akamvuta. Kisha akatuambia, "Makelele ya watoto majini hayanitishi, kimya chao ndicho kinitishacho."

Kwa nini sisi hatukufahamu? Kwa sababu tulikuwa tumeona sinema. Katika sinema mtu anayezama hupunga mikono na kuita, "Nisaidieni!" Mwigizaji hana budi kufanya hivyo, maana asipoonekana na kusikiwa, watazamaji hawatajua kuwa yu hatarini.

Lakini anayekufa maji kweli hana nafasi ya kuita. Sauti hutoka kwa pumzi, na pumzi haimtoshi. Kinywa kikiibuka, apata muda wa kutoa pumzi na kuvuta nyingine tu. Mikono nayo hawezi kuipunga. Huitandaza kando na kuyakandamiza maji ili kichwa kiinuke. Methali nayo husema, "Mfa maji hukamata maji."

Frank Pia, mlinzi wa waogaji katika ufuko wa Orchard Beach, New York, aliwapiga picha za sinema watu waliokuwa wakizama kweli, akazichunguza. Aliona kwamba asiyejua kuogelea hushindana na maji kwa sekunde 20 hata 60 tu, kisha huzama. Basi sinema yaweza kupotosha, na yaweza kufundisha pia. Yategemea kama imeonyesha jambo lenyewe au mfano wake tu.

Basi, wanafunzi, msiende kuoga peke yenu. Mwenzenu akiita, asaidiwe; akinyamaza, mwulizeni, "U mzima?" Asipojibu, mwiteni mtu mzima upesi, na papo hapo mnyosheeni ufito mrefu, au mtupieni kamba au dumu tupu lenye kizibo. Msijitupe majini kumshika, maana atawakamata kwa nguvu zake zote, nanyi mtazama pamoja naye.

MASWALI
1. Kwa nini wale vijana walicheka?
2. Kwa nini mfa maji hawezi kuita?
3. Utamsaidiaje mwenzako pasipo kuingia majini?