Mkono Ulifanya, Moyo Ulitaka Nini?

Maandiko: Hesabu 35:9-30, Kumbukumbu la Torati 19:1-13, Mathayo 5:21-26

Somo la wiki hii linaanza na kosa langu mwenyewe.

Mnamkumbuka kijana wetu wa hapa Dallas aliyekosana na rafiki yake juu ya deni la shilingi mia mbili. Alimsukuma mara moja. Mwenzake akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa mtaro, akafa kabla ya kufika hospitali. Katika maombi ya Jumatano nikasema, "Tuombee mama ya muuaji." Kumbe mama huyo alikuwa ameketi nyuma. Jumapili tatu hakuonekana. Nilipomtembelea, alinimiminia chai, kisha akasema, "Pasta, hata korti haijamwita mtoto wangu hivyo. Ni wewe."

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani kusoma.

Kijana alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wengine wetu tulinong'ona kwamba lazima kuna mtu amekula hongo. Wapendwa, tujue sheria kabla ya kunong'ona.

Mimi nilisomea biashara, basi niruhusuni mfano wa duka. Jioni keshia anahesabu pesa, anakuta elfu tano hazipo. Hasara ni ile ile, lakini mwenye duka mwenye busara atauliza: ameiba, au alikosea kurudisha chenji? Sheria nayo huuliza hivyo mtu anapokufa.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 203, inasema mauaji ni kusababisha kifo kwa kitendo kisicho halali, ukiwa na nia mbaya. Kifungu cha 206 kinaeleza nia hiyo. Si lazima uwe umepanga wiki nzima. Ukikusudia kumuua mtu au kumuumiza vibaya sana, au ukijua kitendo chako huenda kikaua na usijali, inatosha. Pasipo nia hiyo, kifungu cha 202 kinaita kuua bila kukusudia. Na hiyo si kuachiliwa huru, kwa sababu adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Je, mtu akichokozwa? Akipandwa na hasira ghafla, akapiga kabla damu haijapoa, korti yaweza kuona si mauaji bali ni kuua bila kukusudia. Lakini ukienda nyumbani kuchukua panga halafu ukarudi, utaulizwa kuhusu ule muda wa njiani. Aliyekuwa mgonjwa wa akili hata asijue anachofanya, au asijue ni kibaya, ana kifungu chake, cha 12. Pombe peke yake si kinga, ingawa korti hutazama kama ulevi ulimzuia mtu kuwa na nia.

Sasa, nani anaona moyoni? Mwaka 1945, katika kesi ya Tubere, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema tutazame silaha, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, aina ya majeraha, na mwenendo wa mshtakiwa kabla, wakati na baada ya tukio. Kenya bado inafuata njia hiyo.

Fungua Hesabu 35 uone. Musa anataja chombo cha chuma, jiwe, na chombo cha mti. Anauliza kama kulikuwa na chuki, kama mtu aliviziwa, au kama alisukumwa ghafla pasipo uadui. Kumbukumbu 19 inataja shoka lililochomoka kwenye mpini msituni. Kwa mtu wa namna hiyo Mungu alitenga miji sita ya makimbilio, ili asiuawe kabla ya kusimama mbele ya mkutano. Na shahidi mmoja hakutosha kumhukumu mtu afe. Mimi nilihukumu bila hata huyo mmoja.

Lakini tusigeuze neema kuwa kisingizio. Hata aliyeua bila kukusudia hakurudi kwake kesho yake. Alikaa katika mji ule mpaka kuhani mkuu alipokufa, kwa maana damu ilikuwa imemwagika. Kuna mama wa pili, ploti mbili tu kutoka kwa yule wa kwanza. Jina la shtaka halimpunguzii kilio. Tulienda mazishi, tukala, tukamsahau.

Na Yesu katika Mathayo 5 anarudi nyuma kuliko korti yoyote. Korti huanza na maiti, Yeye anaanza na hasira. Mia mbili ile ingelipwa mapema, au ingesamehewa, leo tungekuwa na vijana wawili kwenye kwaya.

Kesi bado iko kortini, na sitaitolea hukumu. Nilimwomba mama msamaha mbele yenu. Jumapili iliyopita alirudi, akaketi pale pale nyuma.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:

1. Ni nani umemwita jina ambalo korti haijamwita?
2. Ni deni gani dogo linakukosesha amani na mwenzako? Lilipe au lisamehe kabla ya Jumapili.
3. Nani atawatembelea mama hawa wawili wiki hii? Andikeni majina, mnipe.