SOMO LA KIKUNDI: KUTENGENEZA CHUPA YA KUOSHEA PUA



Yeyote aliyefanya kazi kwa kinu cha posho anaijua kamasi ya jioni. Ukipenga, inatoka nyeupe kwa unga. Wale wanaochonga mawe ya kujengea hutoa ya kijivu, na mama anayepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha hutoa nyeusi. Pua imefanya kazi yake. Ndani yake mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, navyo husukuma ute pamoja na vumbi kuelekea kooni. Vumbi likizidi ama mafua yakija, ute huwa mzito, vinyweleo vinashindwa, pua inaziba na kichwa kinauma hapa juu ya macho.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia kulegeza ute huo. Si jambo geni. Huko India watu wamefanya hivyo tangu zamani kwa kibirika kidogo chenye mdomo mrefu, na siku hizi hata madaktari huwashauri baadhi ya wagonjwa wa pua. Haiponyi kila kitu, lakini inapunguza taabu.

Kikundi kimoja cha akina mama wenye kinu cha posho kilitaka kutengeneza kifaa chao wenyewe, na ikiwezekana wakiuze sokoni. Nilikaa nao siku kadhaa. Nitawaeleza walivyofanya pamoja na pale walipokosea, maana makosa yao yanafundisha kuliko maneno yangu.

Kwanza walichukua chupa ya soda ya plastiki wakatoboa kifuniko kwa msumari. Maji yalitoka kama ya bomba la kunyunyizia dawa ya kahawa. Aliyejaribu alilia machozi, na sikio lilimuuma mpaka kesho yake. Hapo tukajifunza kwamba pua na sikio zimeunganishwa kwa njia nyembamba iliyo ndani, kwa hivyo maji yakisukumwa kwa nguvu huweza kupelekea sikio matatizo. Kifaa kizuri ni kile kinachotoa maji polepole.

Pili wakaenda kwa mfinyanzi. Kibirika kilipendeza sana, na mimi mwenyewe nilikisifu. Lakini udongo usiopakwa rangi ya kung'aa hunywa maji, na baada ya wiki mbili ndani palikuwa na utelezi. Ile rangi ya kung'aa nayo yaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu. Tukakiacha kiwe cha maua.

Cha tatu ndicho kilichokubalika. Ni chupa laini ya kubinya, kama ile ya tomato sosi ya hotelini, mpya, ya mililita 250 hivi. Iwe nyeupe ya kupenya mwanga ili uchafu uonekane, na mdomo wake uwe mpana mkono upate kuisafisha. Msitumie kabisa chupa iliyowahi kuwa na dawa ya ng'ombe, ya mimea ama ya kupaka rangi, hata ikioshwa mara saba. Ile ncha ndefu ikatwe mpaka tundu lipitishe kijiti cha kiberiti bila kulazimishwa, kisha ilainishwe kwa msasa. Juu yake wakavisha chuchu ya chupa ya mtoto, mpya, iliyokatwa kidogo kileleni, wakaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Chuchu ni laini na ni ya mviringo. Kazi yake ni kuziba tundu la pua kwa nje, siyo kuingia ndani, na kwa kuwa ni pana upande wa chini haiwezi kuzama.

Fundi mmoja alitaka tuweke mrija mpaka chini ya chupa. Tulikataa, kwa sababu ndani ya mrija hapasafishiki.

Sasa sikieni habari ya maji, maana hapa ndipo mtu anaweza kupoteza maisha. Mwaka wa 2011, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji yasiyochemshwa. Ndani ya maji hayo mlikuwa na mdudu asiyeonekana, jina lake Naegleria fowleri, ambaye hupenda maji baridi ya ardhini yaliyopata joto. Ukimnywa hakudhuru, lakini akipita puani huenda hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni nadra sana, ila karibu wote wanaoupata hufa. Kwa hivyo maji yanayofaa kunywa si lazima yafae pua. Ya mvua, ya kisima, ya mfereji, hata yaliyotiwa klorini ya kunywa, yote yachemshwe.

Yachemke yakitokota sana kwa dakika moja nzima. Wanaoishi juu ya mita 2,000, kama vile Limuru, Nyahururu na Eldoret, wangoje dakika tatu, kwa sababu huko juu maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Yafunikwe yapoe yenyewe. Msiyapoze kwa kuongeza maji baridi! Mama mmoja alifanya hivyo mbele yangu, akiwa na haraka ya kwenda kukama, na kazi yote ya kuni ikawa bure.

Pima maji baada ya kuchemka, siyo kabla, maana mengine huwa yamekwenda na mvuke. Kwa lita moja tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, kila kipimo kikisawazishwa kwa kisu. Hiyo ni karibu gramu 9. Ukionja yawe na ladha ya machozi. Maji matupu huchoma pua, na ya chumvi nyingi huchoma vilevile. Kuna wanaouliza kama watie magadi. Hapana. Magadi ya kulainishia mboga ni makali kwa pua. Maji ya leo yatumike leo, yanayobaki yamwagwe.

Jaribu joto kwa kudondosha ndani ya kifundo cha mkono, kama maziwa ya mtoto. Inama juu ya karai, geuza kichwa upande, fungua mdomo upumue kwa mdomo. Elekeza chuchu kwenye tundu la pua lililo juu, binya taratibu, na maji yatatokea tundu la pili. Usimeze mate wala usiongee. Toa chupa puani kwanza, ndipo uache kubinya. Ukiacha kubinya ikiwa bado puani, chupa itavuta kamasi ndani na kesho utajirudishia uchafu wako. Kisha penga polepole bila kuziba matundu yote mawili.

Kila mtu na chupa yake. Najua nyumbani tunakula sahani moja, lakini hapa hapana. Ioshwe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, chuchu ikivuliwa, ikaushwe ikiwa imepinduliwa. Baada ya miezi mitatu tafuta nyingine.

Asioshe pua mwenye maumivu ya sikio, mwenye pua iliyoziba kabisa, anayetoka damu mara kwa mara ama aliyepasuliwa pua karibuni, mpaka aulize kliniki. Na mtoto mdogo anayetoa uchafu unaonuka upande mmoja tu, mara nyingi ameingiza harage ama punje ya mahindi. Ukiosha, harage litavimba. Mpeleke akatolewe. Vilevile homa kali, jicho kuvimba, shingo kukakamaa ama mafua yanayopita siku kumi bila nafuu ni mambo ya hospitali.

Wale akina mama walitengeneza chupa kumi na mbili. Siku ya soko zilitakiwa zote, lakini waliuza kwa wale tu waliokubali kukaa chini na kuonyeshwa namna ya kuchemsha na kupima. Wanne walikasirika wakaondoka.

Maswali ya kujadili:

Maji yenu yanatoka wapi, na kuni za kuyachemsha kila siku zitatoka wapi?

Kwenye kinu chenu, je, vumbi lenyewe linaweza kupunguzwa kwa dirisha ama kitambaa cha kufunika pua kabla ya kufikiria chupa?

Mkiamua kuuza, nani atamfundisha mnunuzi asiyejua kusoma?