Kabla Hujapiga Wimbo wa Asili, Uliza

Tukiwa TP Kasulu, nilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa Kiha kwa mahafali ya kidato cha nne. Nikatafuta kwenye simu, nikaukuta mtamu, tukaufanyia mazoezi kwa gitaa. Siku yenyewe bibi mmoja akaniita pembeni: "Mwalimu, mmeimba vizuri. Lakini huu ni wa kumuaga bibi harusi. Hapa nani anaolewa?" Na risala yetu ilikuwa imetoka kukemea ndoa za utotoni!

Kumbe kupata wimbo si kupata sauti tu. Wewe unayetafuta, fanya hivi.

Kwanza, anza na watu walio karibu. Francis O'Neill, Mwairishi aliyekuwa mkuu wa polisi Chicago, alikusanya nyimbo za kwao kutoka kwa wahamiaji wenzake mjini humo. Hakujua kuandika nota. Yeye alipiga, mwenzake James O'Neill akaandika. Mwaka 1903 wakatoa kitabu chenye tuni 1,850. Sisi je? Hapa chuoni wamejaa watu wa Kibondo na Kasulu, na kila mmoja ana shangazi au bibi nyumbani.

Pili, uliza kwa kutaja kazi. Ukisema, "Bibi, niimbie wimbo wa asili," atakuuliza, upi? Sema: mlipokuwa mnalima kwa pamoja mliimba nini? Mkitwanga? Mkibembeleza mtoto? Hapo wimbo unakuja na mahali pake.

Tatu, omba ruhusa ndipo urekodi. Andika maneno ya Kiha kwanza, tafsiri baadaye. Andika pia nani kaimba, kijiji gani, na wimbo huimbwa lini na nani. Hayo ndiyo niliyokosa kwenye simu.

Nne, usiharakishe kubadili tuni ili ikae vizuri kwenye gitaa. Kiha ni lugha ya toni: sauti ikipanda pasipostahili, neno linaweza kugeuka maana. Mwombe aliyekufundisha asikilize kabla hujapanda jukwaani.

Yule bibi hakuniacha na aibu yangu. Jumamosi iliyofuata tulimfuata kwake, akatufundisha wimbo wa kulima, akaturudisha mwanzo mara nne kwa neno moja tu. Huo sasa naupiga popote, na akiniuliza mtu ni wa nini, najua la kumjibu.